Jina Lililosambaa Bila Bango

Tarehe 30 Desemba 2007, siku ambayo matokeo ya urais yalitangazwa, serikali ya Kenya ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni. Ghasia zilikuwa zimeanza, na habari zikabaki kwenye SMS na kwa majirani.

Ory Okolloh, wakili na mwanablogu, alikuwa amerudi nyumbani kupiga kura. Tarehe 3 Januari 2008 aliwaomba wajuzi wa kompyuta watengeneze ramani ya kuonyesha nani ameumizwa na wapi. David Kobia, aliyekuwa Marekani, akaanza kuandika programu; Juliana Rotich na Erik Hersman wakaingia pia. Baada ya siku chache tu Ushahidi ilikuwa hewani.

Pesa za mabango hazikuwepo. Wanablogu waliambiana, wasomaji wao wakaambia watu wa nyumbani, basi. Na jina lenyewe lilifanya kazi nusu. Neno la mahakamani na kanisani, ambalo kila mtu Nairobi analielewa, lilikuambia unaombwa nini: sema ulichoona.

Baadaye programu iliandikwa upya na kutolewa huria, yaani yeyote angeweza kuichukua, kuibadilisha na kuitumia bure. Januari 2010, baada ya tetemeko la Haiti, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, waliitumia kupanga taarifa kwenye ramani, huku Wahaiti walio ughaibuni wakitafsiri ujumbe wa Kikrioli. Kila aliyeitumia aliitangaza, hata kama hakujua Ngong Road iko wapi.

Lakini kwangu mimi kazi ngumu zaidi ilifanyika karibu na nyumbani. Mwishoni mwa 2009 Kibera ilikuwa karibu doa tupu kwenye ramani za intaneti. Vijana 13 wa hapohapo walijifunza kutumia GPS, wakatembea vichochoro wakiandika vyoo, zahanati, shule na mabomba ya maji, wakaviweka kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya dunia. Huo ndio mradi wa Map Kibera. Baadaye ukazaa Voice of Kibera, iliyotumia Ushahidi kukusanya habari za mtaa.

Sasa fikiria kumwelezea mama mboga hayo yote. Kibera imehesabiwa, imepigwa picha na kuhojiwa miaka mingi, na majibu huondoka na aliyeuliza. Ukionekana unapima njia, watu wanawaza bomoabomoa. Hapo huwezi kumtuma mgeni mwenye fulana mpya na vipeperushi. Lazima awe mtoto wa jirani.

Ila "kujitolea" ni neno tamu kwa mwenye nauli. Mwenye mshahara hutoa wikendi yake. Kijana wa Kibera hutoa siku ambayo angepata kibarua. Programu ni bure, siku ya huyo kijana si bure, na sifa nyingi zimeenda kwa walioandika msimbo.

Machi 2010 iHub ilifunguliwa Bishop Magua Centre, Ngong Road, na waliokuwa wakikutana mitandaoni wakapata meza na intaneti ya kasi. Agosti hiyo, kwenye kura ya maoni ya katiba, programu ilitumika tena kwa jina jipya, Uchaguzi. Ilirudi Machi 2013, na wengi waliokuwa wakisoma na kupanga ujumbe wa wapiga kura walikuwa, tena, wa kujitolea.