Simbilisi akiumia, usimpe amoksilini iliyobaki nyumbani

Simbilisi anajua kuficha maumivu, maana porini anayeonesha udhaifu ndiye anayeliwa kwanza. Kwa hiyo wewe unayemfuga hapa Ulyankulu, ukifungua banda asubuhi ukamkuta amejikunja kwenye kona, manyoya yamesimama, anasaga meno na majani hajayagusa, ujue kuna kitu. Labda mtoto alimdondosha, labda alikanyagwa jikoni, au dume mwenzake kamng'ata.

Damu ikitoka, kandamiza kwa kitambaa safi dakika kama tano, bila kufunua-funua. Kidonda kioshe kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa. Mguu ukining'inia usiunyooshe. Mweke peke yake kwenye boksi lenye nyasi kavu. Aking'atwa na paka, hata tundu dogo usilidharau, linaweza kutunga usaha kwa ndani.

Sasa kosa linaloua: amoksilini iliyobaki ya watoto. Ukimnywesha hiyo, au dawa nyingine ya jamii ya penisilini, inaua bakteria wazuri wa tumboni, anaharisha na anaweza kufa ndani ya siku chache. Mpeleke kwa ofisa mifugo wa kata. Na asipokula siku nzima usisubiri kesho, utumbo wake unasimama.

Ila si kila anayechechemea ameumia. Simbilisi, kama sisi, hawezi kujitengenezea vitamini C; akilishwa pumba tupu viungo vinavimba. Mpe majani mabichi, na kipande cha pera au pilipili hoho kila siku.