Vifaa janja vya kudhibiti kisukari nyumbani

Vifaa janja vya kudhibiti kisukari ni vifaa vya kupimia sukari ya damu au kutoa insulini ambavyo huwasiliana na simu, kwa kawaida kwa njia ya Bluetooth, ili vipimo vihifadhiwe na kuonwa pia na ndugu au mhudumu wa afya. Humsaidia mgonjwa kujua hali yake katika siku zilizopo kati ya kliniki moja na nyingine. Haviponyi ugonjwa, na faida yake hupatikana pale tu mtu anaposoma vipimo na kuchukua hatua.

Makala hii inaeleza vifaa hivyo, na jinsi vinavyoweza kutumika katika mazingira kama ya mkoa wa Simiyu, kaskazini mwa Tanzania.

Sababu za kupima nyumbani

Kisukari hutokana na kongosho kushindwa kutoa insulini (aina ya 1) au mwili kushindwa kuitumia vizuri (aina ya 2). Sukari ikikaa juu kwa miaka mingi huharibu macho, figo, neva na mishipa ya damu. Ikishuka mno, mgonjwa hutetemeka, hutokwa na jasho, huchanganyikiwa na anaweza kuzimia. Kipimo cha asubuhi moja kliniki hakiwezi kuonyesha sukari iliyoshuka usiku wa juzi.

Nchini Tanzania sukari husomwa kwa milimoli kwa lita (mmol/L). Lengo la kawaida kwa mtu mzima mwenye kisukari ni 4 hadi 7 kabla ya kula, na chini ya 10 saa mbili baada ya kula. Daktari anaweza kuweka lengo tofauti kwa mtoto, mzee au mjamzito.

Aina za vifaa

Glukomita yenye Bluetooth hupima tone la damu ya kidole kwa kutumia stripu, kisha hutuma jibu kwenye programu ya simu pamoja na tarehe na saa. Glukomita ya kwanza ilitengenezwa na kampuni ya Ames nchini Marekani, ikaanza kuuzwa mwaka 1970. Ilikuwa kubwa na ilikusudiwa kwa madaktari.

Kihisi cha sukari hubandikwa kwenye mkono au tumbo. Uzi wake mwembamba hupima majimaji yaliyo chini ya ngozi mchana na usiku. FreeStyle Libre ya kampuni ya Abbott ilianza kuuzwa Ulaya mwaka 2014. Kila kihisi chake cha awali kilitumika siku 14. Kwa kuwa hakipimi damu yenyewe, jibu lake huchelewa kwa dakika kadhaa. Dalili zisipolingana na jibu, kidole hupimwa.

Kalamu janja ya insulini hukumbuka kipimo cha dawa kilichochomwa na saa yake. Pampu ya insulini huingiza dawa kidogo kidogo, na baadhi hujirekebisha kwa kufuata kihisi. Vifaa hivi ni ghali sana.

Mfano wa Simiyu

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, na makao makuu yake ni Bariadi. Wakazi wengi ni Wasukuma, nao ni wakulima wa pamba na mazao ya chakula, na wafugaji. Hospitali ya rufaa ya mkoa iko Bariadi, na hospitali ya rufaa ya kanda, Bugando, iko Mwanza. Kwa mgonjwa wa kijijini Meatu au Itilima, safari ya kliniki hula nauli na siku nzima ya kazi. Hapo glukomita yenye kumbukumbu huweza kuwa na manufaa kuliko kihisi cha bei kubwa.

Mfano ni mkulima anayechoma insulini asubuhi, akalima hadi mchana bila kula. Kazi ngumu huteremsha sukari. Akipima na kuona 3.2, anapaswa kunywa mara moja maji yenye vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari, apime tena baada ya dakika 15, kisha ale. Vipimo vya namna hiyo vikijirudia, mhudumu wa afya huweza kurekebisha dawa. Mgonjwa huweza pia kulinganisha kiasi cha ugali, michembe au matobolwa anachokula na sukari inayofuata.

Asiye na simu janja huweza kuandika vipimo kwenye daftari au kuvituma kwa ujumbe mfupi. Nchini Senegal, ujumbe mfupi umetumika tangu mwaka 2014 kuwapa wagonjwa ushauri, hasa wakati wa Ramadhani.

Tahadhari

Stripu za kampuni moja hazitumiki kwenye glukomita ya nyingine. Kabla ya kununua kifaa ni vizuri kuhakikisha stripu zake zinapatikana karibu.

Baadhi ya programu husoma miligramu kwa desilita (mg/dL), ambayo ni mmol/L mara 18. Jibu la 70 kwa kizio hicho si 7.0 bali ni 3.9, yaani sukari iliyo chini. Anayekosea hapo anaweza kuongeza dawa wakati anahitaji sukari.

Insulini ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8, bila kugandishwa. Pasipo na friji, chungu kilichowekwa ndani ya kingine, katikati yake mchanga uliolowa, hupunguza joto.

Mwaka 2024 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilionya dhidi ya saa na pete zinazodaiwa kupima sukari bila kutoboa ngozi. Nchini Tanzania vifaa tiba husimamiwa na TMDA.

Vipimo vya mgonjwa ni siri yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu pia taarifa za afya.