Malisho ya Chini na Mifereji ya Trekta

Mhariri aliponiomba niandike jambo la historia kwa ajili ya toleo hili, nadhani alitarajia majina ya wakuu wa shule na vikombe tulivyotwaa. Hayo wataandika wenzangu, nami nitayasoma kwa furaha. Mimi nimechagua malisho ya chini, yale yaliyo kati ya zizi na kijito, kwa sababu katika historia yake nina sehemu, tena sehemu isiyonipendeza.

Ndugu wa miaka ile watazikumbuka mvua za El Niño zilizoanza mwishoni mwa 1997 na kuingia 1998. Nilikuwa kidato cha tatu na kiranja wa mifugo. Barabara ya juu ilikuwa imekatika, na trekta lililoleta kuni za jikoni halikuwa na pa kupita. Dereva akaomba apite malishoni. Mzee mchungaji wetu akakataa. "Mwanangu," aliniambia, "ardhi ikilowa hivi hata ng'ombe namzuia, sembuse chuma." Lakini jikoni hapakuwa na kuni, wenzangu walikuwa na njaa, na ufunguo nilikuwa nao mimi. Nikafungua lango.

Safari ya kwanza lilipita. Ya pili magurudumu yakazunguka palepale mpaka ekseli ikalalia nyasi. Tulisukuma hadi jioni. Lilipotoka liliacha mifereji miwili yenye kina cha goti, ikielekea moja kwa moja kwenye kijito.

Jioni ile ndipo mzee alipotuambia kwamba alipokuwa kijana alikuwa kibarua Kongwa. Sikulitia maanani mpaka nilipofika Chuo Kikuu na kusoma habari za ule Mpango wa Karanga. Serikali ya Uingereza iliuanzisha mwaka 1947, ikikusudia kulima zaidi ya ekari milioni 3, zikiwemo za Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mwaka wa kwanza zilitarajiwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika 10,000. Yaliletwa matrekta mengi yaliyokwisha kutumika vitani na kwingineko, hata vifaru vya Sherman vikageuzwa kuwa matrekta. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi; kiangazi hukauka ukawa kama tofali, ukavila vyuma vya majembe. Mapema mwaka 1951 mpango ukaachwa, na pauni kama milioni 36 zikahesabiwa kuwa zimepotea. Sehemu ya ardhi ile ya Kongwa baadaye ikawa ranchi ya ng'ombe. Vitabu hueleza sana habari za fedha na za wakubwa. Kuhusu nani alirudishia nyasi, na kwa jembe gani, havisemi mengi, na hilo ndilo mzee wetu alilolijua.

Sisi, kwa haraka ya kuficha kosa, tulianza kwa kujaza mfereji wa kulia mawe na kifusi. Mzee alikuwa kwao msibani. Mvua ya juma lililofuata ikapita chini na kando ya mawe, ikachukua udongo, na mfereji ukaanza kuwa korongo. Aliporudi hakutugombeza. Alituzuia tu tusiuguse ule wa kushoto.

Tulingoja. Kufukia tope likiwa bichi ni kulishindilia mara ya pili, na likikauka kabisa jembe halingii. Kila asubuhi aliufinyanga udongo kiganjani. Siku ulipoanza kumeguka badala ya kunata, akatuita. Kwanza tulivunja sakafu ya mfereji kwa sururu, kwa kuwa tairi lilikuwa limeishindilia hata maji na mizizi havipenyi. Kisha tukarudisha udongo uleule uliokuwa umesukumwa pembeni ukawa matuta, tukaujaza upite kidogo usawa wa malisho, maana hutitia. Penye mteremko tulichimba vijitaro vya kukinga maji na kuyapeleka nyasini. Mwisho tukapandikiza vipande vya ukoka, tukazungushia miiba, ng'ombe wasiingie msimu mzima. Hili la mwisho ndilo lililokuwa gumu, kwani maziwa ya wagonjwa wa bwenini yalipungua, na lawama zilinijia mimi. Nilipoingia utumishi wa Serikali ndipo nilipojua kwamba Kondoa, chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulioanza 1973, dawa ilikuwa hiyohiyo kwa kipimo kikubwa: mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika maeneo yaliyomomonyoka ili ardhi ipumzike.

Mzee alifariki kabla sijamaliza Chuo. Mwaka jana nilipita shuleni kwa shughuli za kikazi, nikateremka hadi malisho ya chini. Mfereji wa kushoto sikuuona. Nilikadiria tu ulipokuwa kwa kuhesabu hatua kutoka langoni. Ule wa kulia ni korongo ambalo mtu mzima akisimama ndani haonekani, na ng'ombe hulizunguka kwenda kunywa maji.

Kamati yetu imeanza kuchangisha fedha za kuinunulia shule trekta jipya. Mchango wangu nimeutuma. Katika barua niliyomwandikia mweka hazina nimeomba jambo moja, kwamba ufunguo wa lango la malisho akae nao mchungaji.