Uondolekaji: Alama Salama Kwenye Mfarishi

Kamusi zetu zina neno mfarishi kwa kile ambacho washonaji wa Marekani hukiita kwilti: vitambaa viwili, pamba katikati, vikashikizwa pamoja kwa mishono inayopita matabaka yote matatu. Neno hili limelala, nami naona linastahili kuamshwa. Tukisema "blanketi la viraka" tunaiacha nje mifarishi mizuri isiyo na kiraka hata kimoja.

Istilahi ninayotaka kuieleza, hata hivyo, ni ile ya wahifadhi wa nguo katika majumba ya makumbusho. Wanapoulizwa kama alama fulani ni salama, hawaangalii tu kama inadhuru kitambaa leo. Wanauliza pia kama mtu wa baadaye ataweza kuiondoa na kitambaa kikabaki kama kilivyokuwa. Sifa hiyo naiita uondolekaji.

Nimepima maneno mengine. Kutengua kumeshazoeleka kwenye uteuzi wa viongozi na kwenye viungo vya mwili. Kufumulika ni neno tamu la mafundi cherehani, lakini ni la uzi. Wino haufumuliwi, hufutwa. Kuondoleka kunabeba uzi na wino pamoja.

Uzito wake unaonekana kwenye mistari ya mwongozo, ile inayochorwa ili sindano iifuate. Chaki ya fundi hupukutika kwa brashi. Kalamu ya buluu inayotoka kwa maji hutaka maji baridi. Ukipiga pasi kabla ya kuisuuza, joto huigandisha na kuacha doa la kahawia. Inayohadaa zaidi ni kalamu ya FriXion ya kampuni ya Pilot. Wino wake hufifia ukifikia nyuzijoto 60 hivi, kwa hiyo mshonaji hupitisha pasi akaona kitambaa cheupe, akaridhika. Kumbe wino bado umo, uliopotea ni rangi tu. Mfarishi ukisafirishwa kwenye baridi ya chini ya nyuzijoto -10, mistari huanza kurudi. Kutoonekana na kuondoleka ni mambo mawili.

Kwenye lebo, yaani maandishi ya jina yanayobaki kwenye mfarishi, shauri ni gumu zaidi, kwa sababu lebo inatakiwa idumu. Katika miaka ya 1840, huko Baltimore na kwingineko Marekani, marafiki walitia saini kwenye viraka, kisha vikaunganishwa kuwa mfarishi wa ukumbusho. Wino wa wakati huo, uliotengenezwa kwa chumvi ya chuma na tanini, ulikuwa na asidi. Kwenye baadhi ya mifarishi hiyo umekula pamba hadi herufi zimekuwa matundu.

Kuacha kuandika kabisa ni hasara kubwa kuliko hiyo. Harriet Powers, aliyezaliwa utumwani Georgia mwaka 1837, alishona mfarishi wenye visa vya Biblia. Mwaka 1891 dhiki ilimlazimisha kumuuzia Jennie Smith, mwalimu wa sanaa, kwa dola 5. Alimweleza kila picha, na Smith akaandika. Leo mfarishi huo uko katika makumbusho ya Smithsonian, na tunajua alichokusudia mshonaji kwa sababu maneno yake yaliwekwa kwenye karatasi. Mifarishi mingi ya wanawake wa rika lake haina hata jina.

Kanga huzaliwa na jina lake, limepigwa chapa pamoja na nakshi. Mfarishi hubidi upewe. Njia ninayoiamini ni kipande cha pamba nyeupe kilichofuliwa, maandishi ya wino wa pigimenti usio na asidi, pasi ya kuushikiza wino, kisha kishonwe kwa mkono kwenye kitambaa cha nyuma kwa mishono mifupi isiyotokea upande wa mbele. Wino unakaa kwenye lebo, lebo inafumulika, na mfarishi wenyewe hauguswi. Majumba ya makumbusho nayo hushona utepe wa pamba wenye namba kwa namna hiyohiyo. Gundi huja kuwa ya njano na ngumu. Pini hushika kutu. Sizitumii.

Kwa hiyo ewe mshonaji, kalamu yoyote ijaribu kwanza kwenye kipande cha kitambaa hichohicho: chora, fua, kausha, ndipo upige pasi. Na jina lako, mahali ulipo na mwaka uviandike kabla mfarishi haujatoka nyumbani kwako.