Dagaa

Dagaa ni jina la samaki wadogo wanaovuliwa kwa wingi, wakaanikwa na kuliwa wazima, miba na yote. Si jina la spishi moja. Dagaa wa Kigoma (Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon) ni jamii ya heringi. Dagaa wa Mwanza (Rastrineobola argentea), asiyefika sentimita 10, yuko karibu zaidi na ningu. Na wengi wa dagaa wa baharini ni wa familia ya Engraulidae. Kilichowaweka chini ya jina moja ni udogo wao na namna wanavyoliwa. Udogo huohuo ndio unaosemwa magazetini panapolalamikiwa kwamba wanakamatwa dagaa na mapapa wanaachwa.

Burundi na mashariki ya Kongo samaki hao huitwa ndagala. Majina haya mawili yanalingana: Kiswahili kimedondosha l katikati ya irabu kwenye maneno mengi ya Kibantu, ndiyo maana enjala ya Waganda kwetu ni njaa. Kando ya Ziwa Viktoria dagaa wa Mwanza ndiye omena wa Waluo na mukene wa Uganda. Limnothrissa wa Tanganyika alipandikizwa Ziwa Kariba mnamo 1967 na 1968, na huko anajulikana kama kapenta.

Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, zamani karabai na sasa hata za sola, kwa kuwa huufuata mwanga wakajikusanya chini yake. Mbalamwezi ikiwaka, mavuno hupungua.

Mpishi hana budi kuuliza dagaa wametoka wapi na wameanikwaje. Walioanikwa juu ya chanja huwa safi. Walioanikwa mchangani huja na mchanga wao, na hapo hakuna njia ya mkato: wachambue vichwa na matumbo, waoshe kwa maji ya uvuguvugu, uwatoe kwa mkono badala ya kumwaga, kwani mchanga hutuama chini ya bakuli, kisha urudie mpaka maji yatoke meupe. Wakishakauka, hukaangwa hadi waparuze, ndipo huungwa kwa kitunguu, nyanya na ndimu, wakaliwa kwa ugali. Wa Kigoma hupendeza zaidi kwa mawese. Pwani wengi huwaunga kwa nazi, ambayo hutiwa mwishoni, moto ukiwa mdogo, isikatike.