Waliyosingiziwa wazee wa Rungwe kuhusu dini yao

Mwaka 2003 watafiti wa wanyamapori waliokuwa wakifanya kazi katika Mlima Rungwe waliwasikia wawindaji wa Kinyakyusa wakimtaja mnyama aitwaye kipunji. Masimulizi ya Wanyakyusa yana wanyama wa kweli na wanyama wa mizimu, hivyo watafiti hawakuwa na hakika kama wanaelezwa habari za kima au za pepo. Mwaka huohuo wakamwona kwa macho yao. Mwaka 2005 habari zake zikachapishwa katika jarida la Science, na mwaka 2006 akapewa jenasi yake, Rungwecebus, kwa jina la mlima wenyewe. Wenyeji walikuwa wakimjua siku zote.

Kisa hicho kinaonyesha tabia iliyodumu kwa zaidi ya karne moja: jambo la Rungwe lisipoeleweka, hutupwa kwenye kapu la mizimu na kapu likafungwa. Wazee walioshika dini ya mababu waliitwa wapagani, na jina hilo likabebeshwa mambo manne: kwamba hawakumjua Mungu, kwamba waliabudu miti na wafu, kwamba walikuwa wachawi, na kwamba dini yao imekwisha. Wapo vijana wa Tukuyu leo wanaoyarudia maneno haya bila kujua yametoka wapi.

Mwaka 1891

Wamisionari wa Kijerumani waliingia Unyakyusa mwaka 1891 kwa makundi mawili. Wa misheni ya Berlin waliongozwa na Alexander Merensky, wakajenga kituo cha Wangemannshöh. Wamoravian, akiwemo Theodor Meyer, walijenga kituo cha Rungwe, chini ya mlima. Walijifunza Kinyakyusa, wakakiandika, wakafungua shule na kutibu wagonjwa. Wema huo haufutiki. Ila walikuja wakiamini kwamba wanaingia gizani, na kila walichokiona wakakipima kwa imani hiyo.

Upande wa Karonga, Duncan Mackenzie wa misheni ya Waskoti aliishi na watu hawa, ambao yeye aliwaita Wakonde, kwa miaka 24. Mwaka 1925 alichapisha kitabu ambacho jina lake linawataja kuwa watu waliotawaliwa na pepo, na kwenye jalada akaongeza kwamba mila zao zinatoweka. Msomaji wa London alikwisha kupewa hukumu kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza.

Kyala na Lwembe

Anayesema wazee hawakuwa na Mungu ajiulize jina analolitumia kanisani. Wamisionari walilichukua jina la Kyala, lililokuwapo kabla yao, wakalifanya jina la Mungu wa Biblia. Hadi leo Mkristo wa Rungwe akisali kwa lugha yake anamwita Kyala.

Lakini tusikosee upande wa pili pia. Wapo wanaodai siku hizi kwamba mababu walimwabudu Mungu yuleyule wa Biblia, ila kwa jina tofauti tu. Wazee waliohojiwa katika miaka ya 1930 hawakusema hivyo. Wao walimweleza Kyala wa zamani kama shujaa mkuu, mwenye pango lake kando ya Ziwa Nyasa. Shujaa mwingine, Lwembe, alikuwa na makao yake Lubaga, na cheo chake kilirithiwa. Ukoo wa machifu ulihesabu asili yake Ukinga, kwenye Milima ya Livingstone, na Wakinga walileta Lubaga majembe ya chuma waliyoyafua wenyewe. Hapo waliombea mvua, mavuno na uzazi kwa niaba ya nchi nzima, wala si kwa mtu mmoja mmoja.

Tunayajua haya hasa kwa kazi ya Godfrey na Monica Wilson, wanaanthropolojia walioishi Unyakyusa kati ya 1934 na 1938. Walisaidiwa na Leonard Mwaisumo, karani na mkalimani wao, na walielezwa mengi na wazee kama Kasitile, mwombaji mvua. Vitabu vya Monica vilivyotoka mwaka 1951, 1957 na 1959 vimejaa maneno ya wazee hao.

Miti haikuabudiwa

Chifu mpya aliposimikwa pamoja na rika lake, katika sherehe iitwayo ubusoka, mioto ya zamani ilizimwa, moto mpya ukapekechwa, na miti ikapandwa. Machifu walizikwa kwenye vichaka ambavyo havikukatwa tena. Wazee walipokwenda huko waliwaomba abasyuka, yaani wazazi na machifu waliotangulia. Mti uliheshimiwa kwa sababu ya aliyelala chini yake.

Kiini cha maombi hayo ndicho ningependa kila msomaji akishike. Kwa mujibu wa wazee, tambiko halikusikika ikiwa ndugu wamekuja na hasira moyoni. Kwanza kila mmoja aliseme lililomkera, waziwazi, mbele ya wenzake. Mwombaji alichukua maji kinywani akayapuliza nje, na hasira ikahesabiwa kuwa imetoka. Aliyenyamaza na kinyongo chake ndiye aliyeharibu maombi ya wote. Dini iliyodai watu wapatane kwanza ndipo waombe iliitwa ushetani. Huko ni kuwaonea wazee.

Kuhusu uchawi

Hapa ndipo kosa kubwa lilipo. Wanyakyusa waliwaogopa abalosi, yaani wachawi, kuliko pengine jambo lolote. Waliamini kwamba kijijini wapo pia abamanga, watu wenye nguvu ya kuwaona wachawi usiku na kuwazuia. Viongozi wa vijiji, amafumu, walitegemewa kwa ulinzi huo. Kumwita mzee wa matambiko mchawi ni kumpa jina la adui ambaye yeye na wenzake walimpinga.

Hata hivyo, mambo hayakuwa mazuri yote. Aliyetuhumiwa uchawi alinyweshwa mwafi, na sumu ile ilitumika kuamua kesi. Wazee walisimulia pia kwamba Lwembe alipougua sana, washauri wake walimziba pumzi asife kifo cha kawaida, na kucha na nywele zake zikatunzwa ili rutuba ibaki nchini. Haishangazi kwamba watu wengi walikiogopa cheo hicho. Mwenye kuipenda historia hii aitaje yote.

Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, ambayo bado ipo katika vitabu vya sheria vya Tanzania, inakataza uchawi na pia inakataza kumtaja mtu kuwa mchawi. Kipengele hicho cha pili kingeshikwa, vikongwe wengi nchini wasingeuawa kwa tuhuma.

Imekwisha?

Tangu sensa ya mwaka 1967, sensa zetu hazijauliza dini, hivyo anayetaja idadi ya wafuasi wa dini za asili anakisia. Lakini katika kumbukumbu za mahakama wapo mashahidi wanaoandikwa Mpagani, nao huthibitisha badala ya kuapa kwa kitabu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa za kimila. Ibara ya 19 ya Katiba inalinda uhuru wa kila mtu kuamini dini anayoichagua.

Wengine wamekwisha kuamka. Kaya za Wamijikenda wa pwani ya Kenya, misitu ya maombi ya mababu, ziliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008. Uingereza ilifuta sheria yake ya uchawi ya mwaka 1735 mnamo 1951, na miaka mitatu baadaye Gerald Gardner akachapisha kitabu kilichoanzisha mwamko wa wapagani wa sasa. Nao hudhaniwa kuwa wanamwabudu Shetani, ilhali Shetani hana nafasi katika imani yao.

Nyaraka za Monica Wilson zimetunzwa Chuo Kikuu cha Cape Town. Kijana wa Rungwe akitaka kusoma maneno ya babu wa babu yake, huko ndiko yaliko, na hilo si jambo la kukubali. Naziomba halmashauri, shule na makanisa ya Rungwe: andikeni masimulizi ya wazee waliobaki, vipimeni na kuvilinda vichaka vya machifu, na wafundisheni watoto kutofautisha tambiko na uchawi. Mchungaji hatapoteza imani yake kwa kusema ukweli kuhusu imani ya baba yake. Na anayemwita jirani mchawi kwa sababu tu anawakumbuka wafu wake, anamsingizia.