Kichimbakazi Ndani ya Chupa: Aliingiaje Humo?



Siku hizi kwenye sherehe za watoto wa kike tunaziona sana zile chupa za jemu zilizotiwa taa ndogo za betri, na ndani yake kidoli cha karatasi chenye mbawa za kipepeo. Huyo ni kichimbakazi wa Kizungu. Binti wa mmoja wetu aliletewa moja, akaitazama weee, kisha akauliza: "Mama, huyu anapumuaje humu?" Bibi yake naye akauliza lake: "Na jini wa watu mmemfungia nini?" Tulicheka, lakini maswali yale mawili hayakututoka.

Kumbe vichimbakazi wa zamani, wale wa Scotland na Ireland, hawakuwa na mbawa, na wengi hawakuwa wadogo hivyo. Wala hawakuwa wa kupendeza. Watu waliamini kwamba wanaiba watoto wachanga na kumwachia mama kiumbe mwengine kitandani. Hata jina lao waliogopa kulitaja, wakiwaita "watu wema" ili wasiwaudhi. Nani kati yetu hakukatazwa kutaja majini usiku?

Kuna hati ya Kiingereza ya karne ya 17, imehifadhiwa katika maktaba ya Bodleian mjini Oxford, inayoeleza namna ya kumpata kichimbakazi kwa kutumia kioo. Kioo kinalazwa kwenye damu ya kuku mweupe Jumatano tatu au Ijumaa tatu, na baadaye kiumbe anaitwa kwa jina lake. Ukiondoa neno Oxford, huo ni uganga tunaoujua, kuku na yote. Sisi tunauita shirki.

Basi kutoka kitu cha kuogopwa namna ile, ilikuwaje akawa pambo la chumbani?

Mahali tulipomkuta amebadilika ni kwenye meza ya kujipambia ya mwanamke. Mwaka 1714 mshairi Alexander Pope alitoa toleo refu zaidi la shairi lake la The Rape of the Lock, linalomhusu Belinda, binti wa kitajiri aliyekatwa kishungi cha nywele bila ridhaa yake. Kisa chenyewe kilitokana na ugomvi wa kweli wa familia mbili. Pope, kwa mzaha, aliweka viumbe wadogo wa hewani, wenye mbawa za wadudu, wamlinde Belinda: huyu hereni, yule kipepeo cha mkononi, wengine gauni. Mkuu wao anawaonya kwamba atakayezembea atazibwa ndani ya kichupa au kuchomwa pini, na vichupa na pini ni vitu vya meza ileile. Kiumbe aliyekuwa akiwatetemesha wazazi sasa anatishwa kwa kichupa cha manukato!

Waliofuata walimwendeleza hivyohivyo. Mwaka 1904, Peter Pan ilipochezwa jukwaani London, Tinker Bell alikuwa mwanga tu uliorushwa kwa kioo. Filamu ya Disney ya 1953 ikampa umbo la msichana, na humo Kapteni Hook anamfungia ndani ya taa. Kwenye mchezo wa video wa Zelda wa 1991, anakamatwa kwa wavu na kutiwa chupani, akae akisubiri kumfufua mwenye chupa.

Bibi hakukosea kumtaja jini. Katika Alfu Lela Ulela, mvuvi anaopoa chombo cha shaba kilichopigwa muhuri wa Nabii Suleiman. Lakini hiyo ni hadithi ya watu. Qur'ani, katika Surat Sad, inataja waliofungwa minyororo, chupa haimo. Na jini wa mvuvi alipotoka alipanda mpaka mawinguni, akataka kumuua aliyemfungua. Hakuna aliyefikiria kumweka karibu na kitanda cha mtoto.

Kilichotukera sisi ni kwamba huyu wa siku hizi karibu daima ni msichana, mdogo, mzuri, kafungwa, na binti zetu wanatakiwa wapendezwe naye akiwa humohumo.

Chupa ile hatukuitupa. Binti mwenyewe alifungua kifuniko, akakitoa kidoli, akakibandika ukutani karibu na dirisha. Taa zimebaki, na anasema hao ni vimulimuli. Bibi bado anaitazama kwa jicho la pembe.